Elkhart-Goshen: kwanini ukosefu wa ajira unapanda na kushuka namna hii? Naombeni msaada kusoma grafu

msomi_grafu

Habari zenu wakuu. Nasoma takwimu, tumepewa kazi kila mtu achague mji mdogo wa Marekani, achukue kiwango cha ukosefu wa ajira mwezi kwa mwezi alafu aeleze mwenendo wake. Mimi nikachukua Elkhart-Goshen kule Indiana, ni kaunti moja tu yenye watu laki mbili na kidogo, nikajua kwa vile ni padogo itakuwa rahisi kueleweka.

Sasa nimechora grafu na imenichanganya kabisa. 2007 iko kwenye nne tano hivi, mwishoni mwa 2008 inaanza kupanda kwa kasi, Machi 2009 inakaribia asilimia 20. Inashuka polepole miaka kadhaa mpaka 2018 iko kwenye 2 na kitu. Aprili 2020 inaruka kupita 25 yani mstari umesimama wima, na kabla mwaka haujaisha imerudi chini ya 6. Nikiweka na mstari wa taifa zima pembeni, ule wa taifa unaonekana kama umelala, maana baada ya lile anguko la 2008 kilele chake kilikuwa asilimia 10 tu, Oktoba 2009.

Maswali yangu ni haya, kwanza kwanini mji mdogo unapigwa mara mbili ya taifa wakati mdororo ni uleule? Pili kule kushuka baada ya 2009 ni watu walipata kazi kweli au walihama na wengine kukata tamaa wakaacha kutafuta? Mwalimu ameshasema akiona mtu kaandika "uchumi uliimarika" bila ushahidi anamrudishia karatasi. Tatu kuna kitu kingine cha kuangalia zaidi ya hiyo asilimia yenyewe?

Natanguliza shukrani.

Mchumi_Mtaani

Umechagua pazuri sana mkuu, kwa mtu anayetaka kuelewa ajira za miji midogo sijui kama kuna mfano ulio wazi kuliko huo.

Jibu la swali la kwanza ni kwamba Elkhart inaishi kwa biashara moja. Wanatengeneza karavani, hizi nyumba za matairi za kulala safarini, wenyewe wanaziita RV. Zaidi ya asilimia 80 ya RV zinazotengenezwa Marekani zinatoka Indiana na nyingi ni kwenye hiyo kaunti na jirani zake. Karibu nusu ya ajira zote za kaunti ni za viwandani, hiyo peke yake ni kitu cha ajabu kwa Marekani ya sasa ambako viwanda ni chini ya mfanyakazi mmoja kati ya kumi.

Sasa jiulize RV ni bidhaa ya aina gani. Hakuna anayeihitaji kesho asubuhi. Ni ghali, wengi wananunua kwa mkopo, na mtu akisikia kazini kwake kuna wasiwasi hiyo ndo kitu ya kwanza kuahirisha. 2008 vikaja vitu viwili vikafuatana, mafuta yakapita dola 4 kwa galoni mwezi wa sita, alafu vuli mabenki yakafunga mikopo, na sio ya wanunuzi tu hata wauzaji wenyewe wanachukuaga mkopo kujaza yadi zao. Mauzo kutoka viwandani kwenda kwa wauzaji yalikuwa RV 390,500 mwaka 2006, kufika 2009 zikatoka 165,700 tu. Zaidi ya nusu imepotea ndani ya miaka mitatu.

Alafu fanya hesabu hii ndogo. Nguvu kazi ya Elkhart, yani walio kazini pamoja na wanaotafuta kazi, ni kama laki moja, kwahiyo kila watu 1,000 wanaopoteza kazi ni pointi moja ya asilimia. Julai 2008 kampuni ya Monaco Coach ilitangaza kufunga viwanda vyake vitatu kwenye hiyo kaunti, watu kama 1,400. Tangazo moja hilo, ni karibu pointi moja na nusu. Watu haohao 1,400 wangepunguzwa kwenye eneo la Chicago lenye wafanyakazi mamilioni, kwenye grafu usingeona chochote. Na haiishii hapo maana wapo waliokuwa wanauzia viwanda hivyo ekseli, madirisha, magodoro, makabati, nyaya, wote wako hapohapo kaunti na wote wanapigwa wiki hiyohiyo, baada yao hoteli na maduka.

Ndo maana Obama alienda Elkhart tarehe 9 Februari 2009, hata mwezi hajamaliza madarakani, akausema huo mji kama mfano wa kiwango kilichotoka 4.7 kikapita 15 ndani ya mwaka mmoja. Akarudi tena Juni 2016, wakati huo kimeshashuka mpaka kama 4.

SemaKweli

Mkuu hapo juu umeeleza vizuri ila mimi hizo namba za kushuka siziamini hata kidogo. Kila mtu anajua wanavyofanya, mtu akimaliza miezi yake ya bima ya ukosefu wa ajira wanamfuta kwenye hesabu, anaonekana kama amepata kazi kumbe yuko nyumbani. Kwahiyo hiyo asilimia 2 ya 2018 ni watu waliofutwa. Dogo usiandike wamepata kazi, andika wametoweka kwenye daftari.

dada_wa_takwimu

SemaKweli ndugu yangu hapo naomba nikurekebishe kwa heshima, maana hili nalisikia kila siku na linawapotosha wanafunzi wengi.

Mtu hahesabiwi kwa kuangalia kama anapokea bima au la. Kiwango cha taifa cha Marekani kinatokana na kuhoji kaya, kama 60,000 kila mwezi, na maswali yanahusu wiki moja maalumu, ile yenye tarehe 12. Mimi nimefanya kazi ya udadisi kwenye utafiti wa nguvu kazi, sio Marekani, lakini utaratibu wa maswali unafanana sana kwasababu nchi nyingi zinafuata misingi ya Shirika la Kazi Duniani. Unafika mlangoni, unakutana na baba anakwambia kabla hujakaa "mimi sina kazi mwanangu andika hivyo uende". Huandiki hivyo. Unamuuliza, wiki iliyopita ulifanya shughuli yoyote ya malipo hata kwa saa moja? Anafikiri, anasema aah nilimsaidia jirani kuezeka paa siku mbili akanipa hela. Basi huyo ameajiriwa. Anashangaa na wewe unaona anavyoshangaa, lakini kanuni ndo hiyo. Unaingia ndani unamkuta dada yake, hajafanya kazi yoyote. Unamuuliza, wiki nne zilizopita umefanya chochote kutafuta kazi, umepeleka barua, umeuliza kiwandani, umempigia mtu? Anasema niliacha tangu mwaka jana, hamna kazi kwanini nijisumbue. Huyo sio "asiye na ajira" kwenye hesabu, yuko nje ya nguvu kazi kabisa. Nyumba moja, watu wawili wanaojiita hawana kazi, na kwenye kile kiwango hakuna hata mmoja wao aliyehesabiwa hana ajira.

Kwahiyo SemaKweli wasiwasi wako una ukweli ndani yake ila umeuweka pasipo. Anayetoka kwenye hesabu ni yule aliyeacha kutafuta, bima imeisha au haijaisha. Na hilo linapimika, huhitaji kubahatisha. Kiwango ni wasio na ajira gawanya kwa nguvu kazi. Kikishuka wakati nguvu kazi nayo inapungua na idadi ya walioajiriwa imelala palepale, hapo watu wameondoka au wamekata tamaa. Kikishuka huku walioajiriwa wanaongezeka, ni kazi. Sensa ya 2010 Kaunti ya Elkhart ilikuwa na watu 197,559, ya 2020 wakawa 207,047, mji haukuhamwa. Na viwanda vilikuwa vinazalisha, 2017 zilitoka RV 504,600, zinapita hata zile za 2006. Hizo haziwezi kutengenezwa na watu waliofutwa kwenye daftari. Kwahiyo msomi_grafu unaweza kuandika kazi zilirudi, ila weka na safu mbili pembeni, ya nguvu kazi na ya walioajiriwa, kama ushahidi, mwalimu wako ana haki kabisa kuudai.

Jambo lingine ambalo watu wanalipita. Kaya 60,000 ni za nchi nzima. Kwenye kaunti moja ya watu laki mbili zinaangukia kaya chache mno, huwezi kupata asilimia ya kuaminika kwa kuwahoji wao tu. Ndo maana namba za maeneo madogo zinakadiriwa kwa modeli, wanachanganya ule utafiti na takwimu za malipo ya mishahara na madai ya bima (hapo ndipo bima inapoingia, na labda ndipo hadithi ya kufutwa ilipozaliwa). Alafu kila mwaka wanarudi nyuma wanasahihisha. Kwahiyo ukikuta gazeti la 2009 lina namba tofauti na jedwali ulilopakua leo usishtuke, tumia jedwali la leo na uandike ulilipakua lini. Na usiandike aya nzima kuelezea kupanda kwa 0.3 kwa mwezi mmoja, kwenye eneo dogo hiyo inaweza kuwa makadirio tu yanacheza.

SemaKweli

Sawa dada nimekuelewa kuhusu bima, hiyo sikuijua. Lakini bado nasema kama yule aliyeezeka paa siku mbili anaitwa ameajiriwa basi hicho kiwango hakitueleweshi maisha ya watu.

Fundi_Bodi

Mimi nimefanya kazi kwenye viwanda vya RV huko Indiana, ngoja niwaambie kinachotokea kabla mtu hajafika kwenye hiyo asilimia, maana SemaKweli hapo mwisho amegusa penyewe.

Kazi inaanza kabla jua halijatoka. Chasisi inaingia mwanzo wa laini, kuna watu wa sakafu, watu wa kuta, watu wa paa, watu wa umeme na mabomba, kila kikundi kina sehemu yake na kila mtu ana drili yake mkononi na mifuko ya skrubu kiunoni. Sehemu nyingi hulipwi kwa saa, unalipwa kwa idadi ya magari mliyotoa. Mkimaliza idadi ya siku hiyo saa sita au saa saba mchana mnaenda nyumbani. Oda zikiwa nyingi unapata hela nzuri sana hata kijana aliyetoka sekondari juzi, lakini unakimbia kutwa, mgongo na magoti vinalipia.

Oda zikipungua hawakufukuzi siku hiyo. Kwanza wanapunguza magari ya siku, kutoka kumi na mbili yanakuwa tisa, na malipo yako yameshuka hapohapo. Alafu Ijumaa inafutwa. Alafu wiki inakuwa ya siku tatu. Alafu mnaambiwa kaeni nyumbani wiki nzima tutawaita. Kiwanda kimoja nilichokuwepo tulikaa hivyo miezi, kodi ya nyumba haijui kama wiki ni ya siku tatu. Sasa dada_wa_takwimu atanisahihisha lakini kwa alivyoeleza, wote tuliokuwa tunafanya siku tatu tulikuwa tumeajiriwa kwenye hesabu.

Ndo maana watu wanashangaa kuhusu 2023. Wakati wa korona kila mtu alitaka RV, 2021 zikatoka 600,240, haijawahi kutokea, watu walikuwa wanahama kiwanda hiki kwenda kile cha ng'ambo ya barabara kwa sababu ya nyongeza kidogo, na mwisho wa mwaka huo kiwango cha wasio na ajira kilikuwa chini ya 2. 2023 zikatoka 313,174. Karibu nusu imekatika ndani ya miaka miwili, kwa uzalishaji ni kama 2009 imerudi, lakini kwenye grafu yako hutaona 20 wala 10. Sehemu kubwa ya maumivu iliingia kwenye siku za kazi na sio kwenye idadi ya watu. Waajiri walikumbuka walivyohangaika kupata watu 2021 wakaogopa kuwaachia.

Na kuna hili pia, kwenye kikundi chetu wengi hawakulala Elkhart. Walikuwa wanaendesha kutoka kaunti za jirani, LaGrange, St. Joseph, Kosciusko, na wengine wanavuka kutoka Michigan. Wakiachishwa sidhani kama wanahesabiwa Elkhart.

dada_wa_takwimu

Fundi_Bodi uko sahihi yote mawili. Aliyefanya siku tatu ameajiriwa, tofauti yake inaonekana kwenye wastani wa saa za kazi kwa wiki na kwenye mapato. Na kiwango cha ukosefu wa ajira kinamhesabu mtu pale anapoishi, wakati takwimu za mishahara zinahesabu kazi pale ilipo. Kwa hiyo Elkhart inaweza kupoteza kazi 3,000 huku wasio na ajira wake wakaongezeka 1,800 tu, waliobaki wako kwenye namba za kaunti jirani. (Hizo namba ni za mfano tu msomi_grafu usizinukuu.)

msomi_grafu

Jamani hapa nimejifunza kuliko semista nzima. Fundi_Bodi maelezo yako ya Ijumaa kufutwa naweza kuyatumia bila kukutaja?

Imebaki Aprili 2020. Hiyo ni juu kuliko 2009 lakini ikapotea mara moja. Nikiandika "mgogoro wa 2020 ulikuwa mbaya kuliko wa 2009" nitakuwa nimekosea? Na je miji mingine midogo inafanana na huu?

Fundi_Bodi

Tumia tu hamna shida.

Mchumi_Mtaani

Kwa urefu wa mstari ulikuwa mkubwa kuliko, kwa madhara yaliyodumu hapana, na hiyo tofauti inafaa iwe na aya yake kwenye kazi yako.

2020 viwanda vilifungwa mwishoni mwa Machi kwa sababu ya ugonjwa na vikaanza kufungua Mei. Watu waliambiwa tutawaita. Kwa kawaida ili uhesabiwe huna ajira lazima uwe unatafuta, lakini aliyesimamishwa kwa muda na anategemea kurudishwa anahesabiwa hata kama hajatafuta popote. Kwahiyo mji mzima wa viwanda ukaingia kwenye hesabu ndani ya mwezi mmoja na ukatoka vilevile. Kitaifa ilifika karibu 15 mwezi huo. Kokomo, mji mwingine mdogo wa Indiana unaotegemea viwanda vya magari, ilipita 30. 2009 ilikuwa kinyume chake, kiwanda kikifungwa kilikuwa kimefungwa, hakuna wa kukuita, mtu anatafuta mwaka mzima akiba imeisha na nyumba inachukuliwa na benki. Kuonyesha hilo usiishie kwenye urefu wa kilele, hesabu na miezi ambayo kiwango kilikaa juu ya 10. Kwa 2020 ni michache sana, kwa ile ya kwanza ni miaka.

Kuhusu miji mingine, hapana, kila mmoja una sura yake kutokana na anayeajiri. Ames kule Iowa kuna chuo kikuu, kiwango kinakuwa chini karibu muda wote. Yuma, Arizona ni kilimo cha mboga za majani za majira ya baridi, kwahiyo kiwango kinapanda kila kiangazi mavuno yakishaisha, mtu asiyejua akiona Mei mpaka Agosti anaweza kudhani kuna janga. Ndo maana kama hutumii namba zilizorekebishwa kwa msimu (yani zilizoondolewa huku kupanda na kushuka kunakojirudia kila mwaka), linganisha Julai na Julai ya mwaka uliopita, sio Julai na Juni.

Janesville, Wisconsin ndo mfano wa kukupa tahadhari. Kiwanda cha General Motors kilikuwepo tangu 1919, uzalishaji ukasimama Desemba 2008 na haukurudi tena. Ukosefu wa ajira ukapita 13 mwanzoni mwa 2009, alafu ukashuka mwaka hadi mwaka mpaka ukawa wa kawaida. Ukichora grafu yake baada ya 2009 inafanana sana na ya Elkhart, zote zinateremka vizuri. Lakini Elkhart ilirudishiwa kazi zilezile za RV, Janesville watu wengi waliingia kwenye kazi nyingine zenye malipo ya chini kuliko waliyoyazoea, wengine wakawa wanaendesha masaa mengi kufuata viwanda vya kampuni hiyohiyo majimbo mengine na kurudi nyumbani wikiendi. Mistari miwili inayofanana, maisha tofauti kabisa, na kwenye asilimia huwezi kuiona hiyo tofauti. Hapo nakubaliana na SemaKweli moja kwa moja.

msomi_grafu

Sawa kabisa. Basi nitaweka Elkhart na Janesville pamoja ukurasa mmoja. Dada naomba la mwisho, jedwali langu liwe na safu zipi ili nisizidishe?

dada_wa_takwimu

Tarehe, nguvu kazi, walioajiriwa, wasio na ajira, kiwango. Hizo zote zinatoka kwenye faili moja la Idara ya Takwimu za Kazi ya Marekani, mpango unaitwa LAUS, tafuta msimbo wa eneo la Elkhart-Goshen upakue tangu 2005. Ongeza safu moja ya ajira za viwandani kutoka kwenye takwimu za mishahara, na nyingine ya wastani wa mapato kwa wiki, hiyo ndo itakayokutofautishia Elkhart na Janesville. Za mapato ya kaunti zinatolewa kwa robo mwaka sio kwa mwezi, kwahiyo zichore kwenye grafu yake peke yake usizilazimishe kwenye ile ya mwezi.

Na kabla hujachora chochote angalia kama faili ulilonalo ni lililorekebishwa kwa msimu au la, maana nina wasiwasi umechanganya. Tuma mistari kumi ya mwanzo hapa nikuangalizie.